Madoa Ana Kiwewe

Waa,
Jumapili, baada ya sala ya Alasiri

Kwa kaka yangu mpendwa Chande,

Assalaam alaykum warahmatullah, na shikamoo kaka. Nakujulia hali kwanza, nikitaraji kwamba karatasi hii itakukuta mzima wa mwili na moyo wako umepoa kidogo. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Mama anaendelea vizuri. Miguu inamsumbua asubuhi tu. Jua likishapanda huzunguka uani akawagombeza kuku mmoja mmoja kwa jina lake. Mahindi yamepata mvua ya kutosha, na kunde tunakula mpaka tunazikimbia. Mama anakutaja kila tunapoketi kula. Hasemi mengi, ila huchukua sahani yako akapakua chakula, kisha akakumbuka, akakila mwenyewe kimya kimya.

Usishangae kupata barua zama hizi. Simu yako umeizima, na hata ungeiwasha ningepiga ukakata, nakujua. Karatasi haikatiki. Nimempa Kheri, yule anayechukua samaki Majoreni akaja kuuza huku kwetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenidokeza kwamba umejificha kwa mjomba na kwamba unashinda pwani ukishona nyavu. Nilicheka, kaka. Wewe hata kifungo cha shati hushonewa na mimi. Samaki watakaonaswa na wavu huo watakuwa wametaka wenyewe.

Basi nikupe habari ya Judy, maana najua ndiyo unayoitaka na ndiyo unayoiogopa. Yuko hai, na amerudi nyumbani kutoka hospitali kubwa ya Msambweni. Wewe uliondoka mara tu uliposikia kelele za watu, kwa hiyo acha nikueleze lilivyokuwa, kama nilivyoelezwa na yeye mwenyewe na majirani waliomwokota. Mimi nawe sote hatukuwapo; mimi nilikuwa bado Vanga arusini, sijui hata kama ng'ombe wetu Madoa ameuzwa.

Asubuhi ile Judy alifunga kibanda chake cha chai mapema, akamtoa ng'ombe wake mpya kwenda kumlisha nyuma ya mikorosho. Alikuwa na furaha, kaka. Alikuwa ameshawaambia wateja wake kwamba sasa chai yake itakuwa ya maziwa ya ng'ombe aliyemkamua mwenyewe, wala si ya pakiti. Kamba ya Madoa aliizungusha mkononi, mkono wa kulia, kwa sababu hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Manyunyu yakaanza. Akafungua mwavuli. Madoa aliruka, akaenda, na Judy akaenda naye, anaburutwa juu ya visiki na mawe, mpaka kamba iliponasa kwenye mkorosho. Mkorosho ule ndio uliomwokoa roho, na ndio uliomharibu mkono. Vidole viwili madaktari hawakuweza kuviokoa. Vilivyobaki wamevishona vizuri, nao Judy anawasifu mno wauguzi wa Msambweni, lakini bado havikunjiki.

Wewe unaijua kazi yake. Chapati za Judy zinakandwa kwa mkono huo. Niliporudi kutoka Vanga nikakuta zizini pana pengo, wewe hupo, na Mama analia jikoni akisingizia moshi. Tangu Judy aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mimi ndiye ninayemkandia unga kila alfajiri. Yeye huketi kwenye kigoda akaniamuru, ongeza maji, punguza nguvu, usiupige kama unaugombeza. Chapati zangu hazina duara, kila moja ina pembe zake, na wateja wamenitania mpaka wamechoka. Lakini wanazila.

Nikwambie jambo lililonichoma zaidi ya ule mkono. Siku ya kwanza niliyokwenda kumkandia unga, Judy aliniomba msamaha. Alisema amekosa kufungua mwavuli mbele ya ng'ombe tuliyemlea sisi, kwamba huenda amemharibu Madoa, na kwamba anaona haya kukutana nawe. Kisha akaniuliza kama unaumwa, kwa kuwa ameambiwa siku nyingi huegeshi tuktuk yako pale kibandani kunywa chai. Nilishindwa kumtazama machoni, kaka. Nilijifanya nachekecha unga.

Na watu wa hapa nao hawakumwachia apumue. Wamesema wabara kama yeye hawajui ng'ombe, wanajua pakiti. Wamesema ni nani mwenye akili anayefungua mwavuli usoni pa mnyama. Mwenye nyumba wake ameanza kumwambia kwamba akishapona atafute mahali pengine, yeye na balaa lake. Mambo yalipofika hapo, Mzee Boga akaitisha kikao barazani msikitini, ili ijulikane kosa ni la nani. Kama Madoa alitoka kwetu hana kasoro, basi Judy amejitakia, na abebe mzigo wake. Kama alitoka kwetu na kasoro iliyofichwa, basi mauzo yanavunjika, na aliyeficha ndiye anayesimama na mgonjwa mpaka apone.

Ndipo Mama aliponipa ujumbe wako, ule uliomwachia kabla hujazima simu. Kwamba mimi ndiye niliyemlea Madoa, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeulizwa. Kwamba niseme alipotoka zizini kwetu alikuwa salama, na kiwewe kimempata kwa Judy, kwa sababu ya honi za magari na zogo la kibandani. Kwamba si uongo wa milele, ni mpaka arusi yako na Husna ipite tu, kwa kuwa Mzee Alamin baba yake Husna ni mmoja wa wanaokaa barazani pale. Mama alinieleza huku akitazama chini. Hakuniambia nikubali wala nikatae.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikwenda zizini nikatoa samadi yote ya wiki nzima ndipo nikaweza kuzungumza na mtu.

Kaka, hebu tulizungumze neno lenyewe, maana umelitaka nilihamishe kutoka nyumba hii nilipeleke nyumba ile kama kwamba ni kiti. Kila ng'ombe hugutuka. Hata Mzee Boga aligutuka siku ile paka alipomrukia begani akiwa anatawadha, akamwaga birika zima, na hakuna aliyesema Mzee Boga ana kiwewe. Kugutuka ni jambo la kupita. Kitu kimetokea, moyo umeruka, jicho limekiona ni nini, basi mtu amerudi kwenye shughuli zake. Mwenye kiwewe hugutuka kwa kitu anachokijua. Madoa huigutukia ndoo ile ile anayokamuliwa kila siku. Huigutukia leso ya Mama ikiwa kwenye kamba, na jana yake ilikuwa hapo hapo. Na akishagutuka hana macho wala masikio, haoni mtu wala shimo, anakwenda tu.

Wala si ukali. Ng'ombe mkali anakuona, kisha anakukusudia. Madoa hajamkusudia mtu ubaya tangu azaliwe. Siku ile hakuwa anamburuta Judy. Alikuwa anaukimbia mwavuli, na Judy alikuwa amefungwa naye. Na kiwewe hakiingii kwa mnyama kwa siku chache za honi. Hicho amekuwa nacho tangu ndama, mimi nikimnywesha kwa mkono, na ikinilazimu kuimba njia nzima nikija zizini ili asije akavunja boma kwa kunisikia ghafla. Majirani walidhani nina furaha.

Lakini wewe Judy alipokuuliza kama ng'ombe ana kasoro yoyote, ulimjibu kwamba hana neno, ni mchangamfu tu. Amenihadithia mwenyewe, na hakulitaja kwa kukulaumu. Alisema alilipenda neno hilo. Mchangamfu, kaka, ni ndama aliyeshiba asubuhi anayerukaruka mbele ya mama yake. Mtu aliyekulia kwenye mifugo angekutazama usoni akakuuliza mara ya pili. Judy hakukuuliza tena kwa kuwa ni wewe, mteja wake, unayemtania kila siku na kumwita shemeji.

Marehemu baba yetu hakuwahi kumkabidhi mtu kamba kabla hajaitaja aibu ya mnyama kwa sauti, waliopo wasikie. Huyu hupiga teke. Huyu hula nguo. Huyu ana kiwewe, usimfunge mkononi. Wanunuzi wengine waligeuka wakaenda zao, naye akarudi na ng'ombe wake nyumbani, na siku hiyo tukala mchicha. Wewe ulikuwa ukinung'unika kwa ule mchicha, nakumbuka. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuja kutushtaki.

Najua ulikuwa na haja. Mambo ya arusi yalikubana, na Madoa ndiye aliyekuwa tayari kuuzika. Ungeniambia. Ningekutafutia mnunuzi wa bara Kinango, mtu wa ng'ombe, ambaye ungemtajia kiwewe akacheka na akamchukua vivyo hivyo.

Sasa, kama umefika hapa unadhani nakuandikia kukuomba ruhusa, hapana. Kikao kimeshakaa. Kilikaa Ijumaa, baada ya sala, na nimeshasema.

Walinisimamisha karibu na mlango wa baraza, Mama pembeni yangu. Mzee Boga aliniuliza kama ni ajabu ng'ombe kuukimbia mwavuli. Nikamwambia si ajabu, ng'ombe yeyote angegutuka, lakini mwingine angeruka hatua chache akasimama kutazama. Nikawaeleza habari ya ndoo, na ya leso, na ya kuimba kwangu. Wengine walicheka kwenye kuimba. Mzee mmoja akasema labda ni zogo la barabarani lililomfanya hivyo, yaani maneno yako hasa, sijui yalimfikiaje. Nikamwambia aende zizini kwa mwenye nyumba wa Judy, alikofungwa Madoa, akohoe tu nyuma ya ukuta, kisha aje anieleze kama hayo ni mafunzo ya siku chache. Hakwenda.

Kisha Mzee Alamin akaniuliza swali moja tu. Aliniuliza kama kaka yangu alijua.

Pale ndipo palipokuwa pagumu. Nilimtazama Mama, naye akanishika kiganja akakibana, sijui kama alikuwa akinizuia au akinipa nguvu, na sikusubiri kujua. Nilisema ulijua. Nilisema Madoa aliwahi kukuvuta wewe mwenyewe mpaka ndani ya mtaro, mvua zilipokuwa nyingi, ukatoka umejaa tope mpaka kwenye nyusi, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza nyumbani kwetu kusema ng'ombe huyu ana kiwewe, tusimzungushe kamba mkononi. Mimi nilikuwa bado namwita mtundu. Neno lake la haki ulimpa wewe.

Wazee wamekata hivi. Mauzo yamevunjika, Madoa amerudi kwetu, na Judy arudishiwe chake. Matibabu yake na mtu wa kumsaidia kazi ni juu yako mpaka mkono upone, na kama hautapona vizuri, mtakaa tena mzungumze mbele yao. Mwenye nyumba ameambiwa amwache mpangaji wake kwa amani, naye ameitikia, ingawa kwa mdomo mrefu. Tuktuk yako iko salama uani, nimeifunika kwa turubai. Mimi maziwa nampelekea Judy kila siku, na kukanda nakanda, lakini kaka, mimi si wewe. Deni la maneno haya si langu.

Bado kuna moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Nimelizunguka barua nzima.

Jana Husna alikuja. Hakuingia ndani, alinifuata zizini nikiwa namfunga Madoa, akasimama kando ya mlango na buibui lake ameliinua lisiguse tope. Hakuja na shangazi wala na mtu wa kumsemea. Aliniuliza waziwazi kama mtu anayetaka kumwoa ni mwongo, na akaniomba nimjibu kama ambavyo ningependa kujibiwa mimi ningekuwa ndiye bibi arusi.

Ningeweza kukusifu, kaka. Maneno mazuri juu yako ninayo mengi, na yote ni ya kweli. Lakini niliona kwamba nikimpa hayo matupu nitakuwa nimemwambia kwamba ni mchangamfu tu.

Nilimwambia una kiwewe.

Nilimwambia kaka yangu si mtu mkali, wala hakai akapanga ubaya. Kitu kikimgutua hukimbia, hata kama ni kitu anachokijua, na akikimbia haoni aliyeko nyuma yake. Nilimhadithia siku baba alipoanguka shambani. Ulikuwa karibu naye kuliko sote, ukakimbia mpaka barabarani, na uliporudi majirani walikuwa wameshambeba. Usiniudhikie kwa hili, kwa kuwa nilimhadithia na yaliyofuata. Nilimwambia ulikaa naye hospitalini mpaka mwisho wake, ukamwogesha na kumlisha, na hukumruhusu mtu mwingine kumgeuza kitandani, hata mimi. Nilimwambia kaka yangu hurudi. Hurudi amechelewa, lakini akirudi hufanya kazi ya watu wengi.

Husna aliliachia buibui lake likagusa tope. Kisha akaniuliza kama kiwewe kina dawa. Nilimwambia dawa ya mtu siijui. Kwa Madoa najua tu kwamba hushikika ukimsemesha kabla hujamfikia, na ukimjia kwa mbele akuone. Ndivyo ninavyojaribu kukufanyia kwa barua hii. Mtu mwingine angekuletea vijana wa huku wakakushika mkono wakakupakia garini, na Mzee Boga alishalitaja hilo. Nimemwomba aniachie mimi kwanza.

Sasa sikiliza alivyosema Husna, maana ameniomba nikufikishie bila kupunguza. Baba yake anataka kurudisha vitu vya posa. Yeye amemwomba angoje mpaka Ijumaa ijayo. Anataka uje kabla ya siku hiyo, uende kibandani kwa Judy mchana watu wakiwapo, naye Husna atakuwepo ameketi, na useme kwa mdomo wako ulijua nini ulipomuuza Madoa. Hataki usemewe na mjomba, wala na Mama, wala na mimi. Ukisema, ataolewa nawe, na kasoro yako ameshaijua, hakuna atakayemdanganya. Usipokuja, Jumamosi vitu vyako vitakuwa uani kwetu. Alisema hivyo kwa upole kabisa, kisha akaniuliza Madoa anapenda kula nini. Nadhani anakupenda, kaka. Nadhani pia hatanii.

Mimi nami nina langu, na ni amri ingawa wewe ndiye mkubwa. Ukija, shuka kituoni barabara kuu, upite mbele ya maduka na mbele ya msikiti, watu wakuone na wewe uwaone. Usipitie nyuma kwa nyuma ukatokea jikoni kwa Mama. Watakaosema watasema, na baadhi watacheka, na utataka kukimbia tena. Tembea tu. Mimi nitakuwa pale kibandani, na mikono ina unga, na sitaondoka mpaka umalize.

Mama anakusalimu sana na anakuombea dua. Mpe mjomba salamu zetu na watoto wote wa Majoreni, na umrudishie wavu wake kabla hujamharibia zaidi. Kheri ataondoka huko Jumanne asubuhi kurudi huku. Gari lake lina nafasi mbele, nimeshazungumza naye.

Nimemaliza, isipokuwa hili dogo. Wewe nakujua, ukikutana na mtu huna budi kumpa mkono na kuutikisa mpaka bega limuume. Judy naye ni mwepesi wa kunyoosha ule wake ulioumia, husahau, halafu anaona aibu. Ukifika, uweke wako mfukoni. Msalimie kwa mdomo tu.

Wassalaam,
nduguyo akupendaye,
Twaiba